Mtoto ana miezi saba, baba anataka Kitulo, Ngozi na Matema

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mama Lusajo, naishi Uyole hapa Mbeya. Nimezaliwa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu. Tuna mwaka wa tatu kwenye ndoa na Mungu ametujalia mtoto mmoja wa kiume, sasa ana miezi saba. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Shule zimefungwa mwezi huu wa sita, yuko nyumbani, na amekuja na mpango wa kututembeza. Hapo ndipo nyumba ilipoingia maneno.

Mpango wenyewe ni huu. Rafiki yake anatuazima Noah kwa siku tano. Siku ya kwanza twende Kitulo, ya pili tupande mlima Ngozi kisha tulale Tukuyu kwa wazazi wake, ya tatu tushuke Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tukae siku mbili, na wakati wa kurudi tupitie Daraja la Mungu. Tuna watoto wawili wa dada yake kutoka Dar es Salaam, mmoja ana miaka 13 na mwingine 10, wamekuja likizo na kila wakiamka wanaulizia safari. Baba mkwe na mama mkwe nao anataka tuwachukue twende nao ziwani, maana anasema wameishi Tukuyu miaka yote na Matema wanaijua kwa misiba tu, hawajawahi kwenda kupumzika.

Mwanzoni nilifurahi. Shangazi, tangu nijifungue mwezi wa kumi na moja, safari zangu ni kliniki, kanisani na sokoni. Baridi ya Uyole unaijua. Ikifika saa kumi na moja jioni mlango umefungwa, nimebaki na mtoto tunaangaliana. Wenzangu niliosoma nao wanaweka picha wako ufukweni na watoto wao. Mmoja yuko Ulaya, huko sasa hivi ni kiangazi, mtoto kavaa kofia na pampasi tu anachezea mchanga. Mimi naziangalia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba yangu.

Mama mkwe aliposikia akapiga simu. Akasema mtoto ambaye utosi haujafunga hapelekwi milimani wala ziwani, upepo utamwingia kichwani na baridi itamshukia kifuani. Akasema yeye Matema hana haja nayo, tumwachie mjukuu wake, sisi twende. Mume wangu akaona suala limekwisha. Lakini Lusajo ananyonya, chupa hajawahi kuishika, na uji ameanza mwezi uliopita tu, nusu anautema. Nikasema siwezi kumwacha siku tatu. Mume akajibu, "Basi tubaki wote." Hakupaza sauti, ila namna alivyolisema ilinifanya nijione ndiye niliyeharibu likizo ya watu wote. Nilienda kulia jikoni.

Na kuna jambo sijamwambia hata yeye. Baba mkwe. Kwa heshima ya kwao, mkamwana na baba mkwe hawakai sehemu moja wala hawaangaliani usoni. Tangu nimeolewa, nikisikia anaingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma, na sijawahi kuona tabu, ndiyo heshima niliyoikuta. Sasa nitakaaje naye ndani ya gari hadi Matema, na mtoto akilia anataka ziwa nitafanyaje?

Nataka kwenda, Shangazi. Sitaki mtoto aumwe wala sitaki kugombana na mama mkwe, lakini nataka kwenda. Mtoto wa miezi saba anaiweza safari hii? Nimvalishe nini? Na hili la malaria za Kyela, huko Matema iliko?

Mama Lusajo, Uyole

Marahaba mwanangu, na kamwene pia, kwa kuwa u mtu wa Iringa. Mimi nimepita njia hiyo hiyo upande wa pili: nimezaliwa Rungwe, nikaolewa Iringa. Barabara ya kushuka Kyela naijua, na heshima ya baba mkwe nimelelewa nayo.

Nenda. Nenda na mtoto wako, na aende akiwa ananyonya. Ila alichopanga Baba Lusajo ni safari tatu zilizofungwa kwenye furushi moja, na mtoto wa miezi saba anaweza moja. Chagueni Matema.

Nikueleze kilichonipata. Mwaka 1994 nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, ana miezi sita. Nilipanda basi alfajiri kutoka Mbeya kwenda Kyela kwenye harusi ya binamu yangu. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi imekaza. Nikamvalisha fulana, sweta mbili za kufuma, soksi za sufu, kofia ya sufu ya kufunga kidevuni, nikamzungushia blanketi, kisha nikamfunga kifuani kwa kitenge. Tulipopita Uyole nilijiona mama hodari. Hadi Tukuyu mtoto alikuwa amelala. Baada ya Tukuyu gari likaanza kushuka, migomba ikaanza kuchanganyika na mikakao, watu ndani ya basi wakaanza kuvua makoti yao, mimi nimekaa na mwanangu nilivyompakia alfajiri. Akaamka analia. Nikampa ziwa, akakataa. Akalia mpaka akachoka, akanyamaza, nami nikashukuru kwamba amelala tena. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni, mtu mzima, alinyoosha mkono bila kuniomba akafungua ile kofia. Nywele za mwanangu zilikuwa zimelowa kama ametoka kuogeshwa. Uso mwekundu, macho nusu yamefunguka, shingo imelegea. Yule mama akasema, "Binti, unampika mtoto." Tukamvua moja moja hadi fulana, tukampepea kwa kanga yake, na baada ya muda akatafuta ziwa mwenyewe. Vipele vya joto vilimkaa shingoni wiki nzima. Jina la yule mama sikuliuliza, na mpaka leo nikipanda gari la Kyela namkumbuka.

Ndiyo maana naogopa huo mpango wa siku tano. Huku kwetu hali ya hewa haisubiri mwezi ubadilike, inabadilika kwa kona za barabara. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi. Matema iko chini ya mita 500. Kutoka hapo Uyole tu hadi ufukweni unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa nusu siku. Mtu mzima anavua sweta anaendelea na maongezi. Mtoto mdogo bado mwili wake haujajua vizuri kujipoza wala kujipasha, na hana mdomo wa kusema. Hivyo mvalishe kwa mahali mlipo, siyo kwa mahali mlipotoka. Nguo ziwe nyepesi nyepesi nyingi, siyo nzito mbili. Kipimo chepesi: avae nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, kisha ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake. Pakiwa na jasho, punguza. Pakiwa pa baridi, ongeza. Usihukumu kwa viganja na nyayo, hizo kwa mtoto mdogo mara nyingi huwa za baridi hata akiwa salama, na ndizo zinazowadanganya akina bibi waongeze blanketi. Akiwa amefungwa mgongoni kwako, hesabu mwili wako kuwa ni blanketi tayari.

Sasa nizikate hizo safari nyingine ili Baba Lusajo asione nimemnyima tu.

Kitulo mwezi wa sita hakuna mnachokifuata na mtoto. Watu wanaiita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na sifa yake ni maua. Maua yale hufuata mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Sasa hivi nyasi zimekauka, upepo unakata, na usiku umande unaganda. Mtampeleka Lusajo kutetemeka mbele ya nyasi kavu. Subirini mwezi wa pili, atakuwa anatembea, atayaona maua kwa macho yake mwenyewe.

Ngozi ni ya baba na wale vijana. Wewe na mtoto msipande. Nimepanda mara mbili, najua ninachosema. Ndani ya msitu njia ni tope na mizizi, na karibu na kileleni inasimama kiasi kwamba unashika mizizi na miti kwa mikono yote miwili. Ukiteleza na mtoto mgongoni unaangukia nini? Na juu hakuna ufukwe, mnasimama kwenye ukingo, ziwa liko chini kabisa. Wale watoto wa Dar wataipenda mpaka wasahau simu. Wachukue mtu wa pale kijijini wa kuwaongoza, waanze asubuhi kabla ukungu haujafunga.

Daraja la Mungu ni sawa kabisa. Gari linafika karibu, mnasimama, mnatazama jinsi mto Kiwira ulivyotoboa mwamba wa volkano ukaacha daraja juu, mnapiga picha, mnaondoka. Saa moja inatosha. Na kwa kuwa hajakitaja, nakitaja mimi: Kimondo cha Mbozi, njia ya kwenda Tunduma. Tani 16 hivi za chuma kutoka angani, mnaenda asubuhi na kurudi jioni mkiwa na mtoto, hakuna kupanda wala kushuka. Kiwekeni akiba ya Jumamosi nyingine, kwa sababu mwanangu, usisubiri likizo ya mwaka mzima ndipo utoke nje ya mlango huo. Mjukuu wangu nilimpeleka Isimila akiwa na miezi minane, kilomita 20 tu kutoka Iringa mjini. Tulikaa juu kwenye kivuli, tukaziona zile nguzo za udongo, akala ndizi, tukarudi kabla ya saa sita. Mama yake aliongea njia nzima. Alikuwa hajaongea hivyo tangu ajifungue.

Kwa hiyo siku ziwe hivi: siku ya kwanza mnafika Tukuyu, mnalala. Siku ya pili mume wako na vijana wanapanda Ngozi, wewe unapumzika kwa mama mkwe. Siku mbili au tatu za mwisho ni Matema bila kukimbizana. Daraja la Mungu mnalipitia mkirudi.

Tuje kwa mama mkwe. Usimchukulie kama mtu anayekuzuia. Yeye ameangalia mahali sahihi. Utosi wa mtoto kweli bado uko wazi, kwa kawaida hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Upepo hauingii pale, lakini joto linapotea sana kupitia kichwa, kwa hiyo kofia kwenye baridi ana haki nayo. Zaidi ya hapo, utosi ni dirisha la kuonea maji ya mwilini. Mtoto akiharisha au akitapika na utosi ukabonyea ndani, akilia bila machozi, mkojo umepungua, huyo amepungukiwa maji na anatakiwa kituo cha afya haraka. Sasa mwambie mama mkwe hivi, kwa simu, leo: "Mama, mtoto ananyonya, siwezi kumwacha. Twende wote, wewe ndiye utakayekuwa unamwangalia utosi wake kila asubuhi." Bibi aliyepewa kazi ya mjukuu hasusi. Na mwanawe amekwambia kwamba yule mama anaijua Matema kwa misiba tu. Kusema hana haja nayo ni lugha ya wazazi wetu. Mwombe mara ya pili.

Kumwacha mtoto siku tatu, hapana. Akiwa na miezi saba maziwa yako bado ndiyo chakula chake kikubwa, na uji anaoutema nusu hauwezi kushika nafasi hiyo. Wewe mwenyewe matiti yangejaa yakakuuma kabla hujafika Kyela. Saa mbili tatu za kumwachia bibi baada ya kunyonyesha, hizo ni halali yako, zichukue.

Baba mkwe. Hili ndilo lililokuliza jikoni kuliko unavyokiri, na nakuomba ulitoe moyoni leo. Si wewe wa kulisema kwa mzee, wala si la kunyamazia. Mwambie mume wako mkiwa wawili, bila lawama. Amekulia ndani ya heshima hiyo hata haioni tena, kama vile samaki asivyoyaona maji. Kisha mama mkwe ndiye alifikishe panapostahili. Zipo nyumba siku hizi zimelegeza, zipo ambazo bado zinashika, yeye anajua yenu ikoje. Mimi nadhani mzee mwenyewe hana raha na wazo hilo. Mzee wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hawezi kutamani kupanda Noah moja na mkamwana anayenyonyesha, pengine anasubiri mtu alitamke. Dawa yake ni kumpa siku yake: mume wako akitoka Ngozi, au kesho yake asubuhi, amchukue baba yake na wale wajukuu wawe naye wao tu, wampeleke Daraja la Mungu, wale naye nyama choma, wazungumze. Ziwani mwende nyie na mama mkwe. Matema ya mzee ipangwe likizo ijayo, yeye na mwanawe.

Ndani ya gari: mtoto kiti cha nyuma. Kama kuna ndugu au jirani mwenye kiti cha mtoto cha gari, kiazimeni hata kwa kuombaomba. Kiti cha mbele mapajani mwa mtu hapana kabisa, na mkanda wako usimzungushie na yeye ndani, gari likifunga breki mwili wako unambana. Ondokeni asubuhi kweupe, ukungu wa Isyonje, kule juu kabla ya Tukuyu, ukiwa umeinuka. Kwenye mteremko masikio yatamziba, atalia kilio kile cha kukunja uso. Simamisheni gari pembeni, mnyonyeshe, kumeza kunayafungua. Ongezeni saa nzima kwenye hesabu ya safari kwa ajili ya kusimama huko, na Baba Lusajo asiangalie saa.

Chakula usibebe uji kwenye chupa ya chai ukakaa humo kutwa, unaharibika. Mbebee unga wake mupike mkifika, na apewe ndani ya saa mbili tangu upikwe. Njiani mnapita kwenye ndizi mbivu na maparachichi ya Rungwe, Mungu akupe nini tena? Osha mikono, osha tunda, menya, ponda kwa kijiko, mpe. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha. Watauza asali barabarani, nunueni ya kwenu, lakini Lusajo asilambishwe hata ncha ya kidole mpaka atimize mwaka, kuna vijidudu ndani ya asali ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi. Na maziwa ya ng'ombe ya Tukuyu yasichukue nafasi ya ziwa lako, hata bibi akibembeleza.

Usiku wa Tukuyu kuna jambo moja naliandika kwa mkono unaotetemeka. Baridi ikibana mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, wanalala. Hewa ya mkaa inayoua haionekani wala hainuki. Msilale na jiko. Hata kama mwenye nyumba amelileta kwa upendo, litoeni kabla ya kulala, mpe mtoto joto la kifua chako.

Matema sasa. Malaria ya Kyela ni ya kweli, na ndiyo hatari kubwa kuliko baridi yote mnayoibishania. Beba chandarua chenu, usitegemee cha nyumba ya wageni chenye matundu. Kikunje kwenye begi la pampasi ili kisisahaulike. Jua likianza kuzama mvalishe mikono mirefu na suruali nyepesi, muingie ndani mapema. Na hili wengi wanalisahau: homa ya malaria haiji usiku ule ule wa kuumwa na mbu, huchukua wiki moja, hata mbili au zaidi. Mtakuwa mmesharudi Uyole, mtasema ni mafua ya baridi au ni meno. Akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya Matema, apimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu mlikuwa Kyela. Usimpe dawa ya malaria bila kipimo. Kadi yake ya kliniki iwe kwenye mkoba wako safari nzima.

Ziwani asiingizwe. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye matete, na mtoto anayemeza maji anapata kuhara juu yake. Mjazie beseni maji safi yaliyopashwa, liweke kivulini kwenye mchanga, apige maji humo kwa viganja, kwake hilo ndilo ziwa. Wale vijana waogelee pale wenyeji wanapoogelea, na midomo ya mito waikwepe, waulize wenyeji kuhusu mamba. Jua la kuanzia saa nne hadi saa kumi mtoto akae kivulini, akiwa na kofia pana. Mtu akiwaambia muende kwa mtumbwi hadi Ikombe kuona Wakisi wanavyofinyanga vyungu, aende asiye na mtoto. Vyungu vyenyewe vinaletwa Matema, utachagua chako ukiwa nchi kavu.

Na uijue hii kwa moyo: hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa kutazama saa. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi mno. Hizo, au kifua kinachobonyea akivuta pumzi, au kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, kulegea asiamke vizuri, degedege, mnapeleka kituo cha afya hapo hapo, hata kama ni usiku na hata kama kuna mtu anasema msubiri asubuhi.

Kisha, mwanangu, kuna saa moja ya hiyo safari ni yako. Jioni ya kwanza, ukishamnyonyesha, mpe baba yake. Si bibi, baba yake. Amfunge kifuani kwa kitenge, atembee naye kivulini, ajue uzito wa mtoto wake. Wewe vua viatu, kaa pale milima ya Livingstone inapoteremka mpaka majini, usifanye lolote. Miezi saba umekuwa ukiangalia ukuta. Na ukirudi Uyole, ukiona bado machozi yanakuja kila siku, usingizi haupo hata mtoto akilala, hamu ya kula imekwisha, mwambie muuguzi wa kliniki siku ya kupima uzito kama unavyomwambia mtoto akikohoa. Huo nao ni ugonjwa wa uzazi na una matibabu.

Sweta ya sufu ya Lusajo na kofia yake usizifungie chini ya begi kwa kuwa mmelizoea joto la Matema. Ziweke juu kabisa. Siku ya kurudi mtapita Tukuyu mchana yuko na fulana, na kabla hamjafika Isyonje vidole vyako nyuma ya shingo yake vitakwambia ni wakati wa kumvalisha.